Kundi la Mfiwa

Siku aliyopigiwa makofi, Athumani Njiku alikuwa amevaa koti la kuazima, na mpaka leo anaamini kwamba koti lile ndilo lililomponza. Mtu akivaa koti la mwenzake hujiona mkubwa kuliko alivyo, akafungua mdomo mahali ambapo siku nyingine angenyamaza.

Kilikuwa kikao cha kupanga makundi ya beji za wafanyakazi wa Uwanja wa Anga wa Nyanda. Uwanja huo ulijengwa kwenye mbuga tambarare ambako zamani watu walichunga ng'ombe, na sasa vyombo vinapaa kutoka hapo hadi ukingoni mwa anga na kushuka bara lingine kabla abiria hajamaliza kahawa yake. Njiku alikuwa mkuu wa ofisi ya vitambulisho. Kazi yake ilikuwa kusema nani aingie wapi. Mwenye kijani aende popote, hadi mnarani. Mwenye bluu afike kwenye vyombo lakini asiguse mitambo ya kuongozea. Mwenye manjano aishie kwenye kumbi za abiria. Chini ya hayo, wataalamu wa bima walikuwa wameongeza kundi la nne, la kijivu, ambalo mwenyewe haendi popote bila kusindikizwa.

Kundi hilo lilizaliwa na moto. Mjazaji mmoja wa mafuta alifiwa asubuhi, akaja kazini mchana kwa sababu hakujua aende wapi kwingine, akaacha koki wazi. Waliokufa siku hiyo walizikwa pamoja, kwa kuwa haikujulikana nani ni nani. Tangu hapo beji hazikuwa tena kadi za kuning'iniza shingoni. Zilibandikwa kwenye ngozi ya kifua, ukubwa wa kifungo cha koti, zikasoma mapigo ya moyo, jasho, na ile hali ya damu inayobadilika mtu anapokuwa na majonzi. Lakini mtu anaweza kuhuzunika hata kwa kufungwa timu yake, kwa hiyo mashine haikukiamini kifua peke yake. Ilitaka na sababu. Hospitali na ofisi za vifo zilileta habari, mashine ikatazama nani ni ndugu wa nani, na kifua na habari vikipatana, beji iligeuka kijivu.

Ubishi ulikuwa kwenye huyo ndugu. Wataalamu walikuja na ndugu wao: mke, mume, baba, mama, mtoto, basi. Njiku akasimama na koti lake.

"Samahani, waheshimiwa," alisema. "Hapa kwetu baba mdogo si jirani. Ni baba. Mama mkubwa ni mama. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu, na akifa sitaambiwa nimepotelewa na jamaa, nitaambiwa nimefiwa na mtoto. Mkiweka ndugu hao wenu, mtu atamzika aliyemlea halafu mashine imwambie hana msiba."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkurugenzi wa usalama, Bi. Nsia, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, aliitikia kwa kichwa na kuandika. Njiku alipoona kalamu inakwenda ndipo alipozidi kunoga. Akataka kundi la kijivu lipewe jina la heshima, Mfiwa. Akataka mtu akigeuka kijivu apewe likizo na usafiri wa kumfikisha kwao. Akataka hata milango iwe na adabu: badala ya kumpigia mtu king'ora kama mwizi, impe pole. Maneno ya pole aliyatunga mwenyewe, akamtafuta mtangazaji wa redio mwenye sauti ya taratibu ayasome. Kisha akauchora mti wa ndugu kwa mkono wake, na humo akaweka njia moja tu ya mtu kutoka, nayo ni kifo, kwa sababu hakujua nyingine.

Yote aliyotaka alipewa.

*

Kosa lake lilikuwa dogo na la kijinga. Alisahau kwamba tuko wengi.

Mtu mwenye baba kila kata na mama kila kitongoji hamalizi mwezi bila msiba. Na sisi hatusikii msiba tukakaa. Tunakwenda, tunaketi mkekani, tunalia na waliao, na beji kifuani inasoma kila kitu. Mjomba wa mtu akifariki Iramba, njia ya kurukia inafungwa Nyanda. Nusu ya mnara ilikuwa kijivu, nusu ya karakana ilikuwa njiani kwenda kuzika, na vyombo vimelala juani kama mbuzi.

Wakubwa hawakuchelewa kufuta likizo. Kisha ikaja kanuni kwamba mwenye kijani akigeuka kijivu mara ya pili anavuliwa kijani moja kwa moja. Kisha ikaja ile waliyoiita huzuni tarajiwa: hospitali ikianza kumtibu ndugu yako ugonjwa usiopona, mashine haingoji afe, inakuteremsha mapema. Kundi la Mfiwa, ambalo Njiku alilipa jina la heshima, likawa tusi. Watu walitishiana nalo kantini.

Mwishowe Bi. Nsia akaleta dawa yake. Hakupunguza ndugu hata mmoja. Alisema kila mfanyakazi ana hiari ya kupunguza wake mwenyewe. Aje tu, amkane.

Njiku hakuwa na ubavu wa kuzuia, akajaribu kuweka kigingi. Alidai anayekanwa awepo. Akae kwenye kiti, atazamwe usoni, na apewe nafasi ya kusema neno kabla. Alijua watu wake. Alijua hakuna mtu aliyelelewa vizuri atakayemtazama baba yake mdogo machoni na kumwambia hivyo. Bi. Nsia alikubali haraka mno, akaongeza lake: beji itasoma wakati mtu anakana, na kifua kikionyesha majonzi, mkano ni wa uongo. Kujaribu ni mara moja tu. Atakayeshindwa atabaki kijivu daima, kwa kosa la kudanganya.

"Aibu itawazuia," Njiku alimwambia karani wake, Telesfora. "Utaona. Kile chumba cha kukania kitajaa utando wa buibui."

Wiki hiyohiyo foleni ilizunguka jengo. Njiku alisimama dirishani akamwona fundi wa injini akimshika mkono mwanamke mzee mwenye kanga mpya, akimvusha ngazi kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza bibi yule kuja uwanjani. Alidhani ameletwa kutembezwa.

"Nikae wapi, mwanangu?" bibi aliuliza mlangoni.

"Pale, mama mkubwa. Kwenye kile kiti," fundi akajibu, akampangusia.

Njiku akafunga pazia. Aibu aliyoitegemea haikuonekana popote. Ilikuwa imebaki kwake peke yake, na yeye ndiye asiyekuwa na la kufanya nayo.

*

Mwajabu alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, Idi. Njiku alimchukua akiwa bado anabebwa mgongoni, baada ya mama yake kufuata baba yake kaburini kabla mwaka haujageuka. Hakuoa tena alipoachwa, na hakupata mtoto mwingine. Alimsuka nywele vibaya, akampikia ugali mbichi, akamsindikiza shule ya anga akiwa amebeba sanduku kichwani mbele ya wasichana wenzake waliokuja na magari. Sasa Mwajabu alikuwa mwongozaji wa vyombo mnarani, mwenye beji ya kijani, na sauti yake ndiyo rubani aliyoisikia ya mwisho akiiacha ardhi. Alikuwa ameshageuka kijivu mara moja, bibi mzaa mama yake alipofariki. Ya pili ingemtoa mnarani.

Alipokuja nyumbani jioni moja, Njiku alimwacha kwanza anywe chai.

"Mwanangu, nimerudi hospitali."

"Wamesemaje, baba?"

"Ini. Si la kupona."

Mwajabu aliweka kikombe chini taratibu sana. "Hakuna tiba?"

"Ipo ya kusogeza siku. Na ya kupunguza maumivu."

"Basi uanze kesho. Nitaomba ruhusa, nikupeleke mwenyewe."

"Nikianza kesho, habari itafika uwanjani kesho kutwa." Alimwona akielewa, akaona uchungu hata kabla hajamaliza. "Unikane kwanza, Mwajabu. Kisha nitakwenda."

"Nikukane?" Alisimama. "Baba, una akili kweli? Mimi nikukane wewe?"

"Watakuteremsha."

Akanyamaza. Nje jirani alikuwa anawaita kuku wake. "Na waniteremshe," alisema mwishowe, machozi yakimtiririka, akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Njiku alibaki ametazama kikombe chake. Lililomkera halikuwa kulia kwake. Ni ule ukimya kabla ya jibu. Aliupima, na alijichukia kwa kuupima. Mtu amelea mtoto maisha yake yote halafu anakaa kumhesabia pumzi kama mashine.

Kwa muda Mwajabu hakuonekana. Njiku hakwenda hospitali. Maumivu yalipokuja alijikaza, akasema ni vidonda vya tumbo.

*

Alikwenda kwa Bi. Nsia bila kuitwa.

"Mkurugenzi, turudishe ndugu wa mwanzo," alisema. "Baba, mama, mke, mtoto. Mimi nilikosea siku ile."

Bi. Nsia alimwonyesha kiti. Beji yake ilikuwa kijani kibichi, kama jani baada ya mvua.

"Hukukosea, Mzee Njiku. Ulisema kweli. Nilikupigia makofi mimi." Akasogeza mafaili pembeni. "Siku ya moto mume wangu alikuwa ukumbi wa kuondokea. Unajua mjazaji yule alifiwa na nani? Watu wanasema mke. Hapana. Alifiwa na baba yake mdogo, aliyemlea. Kwa ndugu wa wataalamu, yule kijana hakuwa na msiba. Angepita milango yote."

Njiku hakuwa amejua hilo.

"Unataka nirudishe mashine isiyomwona mtu kama yule?"

"Basi wapeni likizo yao, kama tulivyokubaliana."

"Nani aongoze vyombo? Wote mko matangani." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Mimi nilizika siku ya pili, siku ya tatu nikawa hapa mezani. Sikusindikizwa na mtu. Watu wanaweza, mzee. Wakilazimika, wanaweza."

Njiku alitoka akiwa hana mbele wala nyuma. Laiti angekuwa amesema uongo kwenye kikao kile, angekwenda kuufuta. Ukweli hakujua unafutwa vipi.

*

Mwajabu alirudi kama mtu ambaye hakuna kilichotokea. Alikuja kuazima sufuria kubwa, ile ya shughuli, na mikeka miwili.

"Tuna kijishughuli na wenzangu, baba," alisema akiwa ameinama, akifunga mikeka kwa kamba. "Si kikubwa."

"Harusi?"

"Kijishughuli tu."

Njiku akafurahi. Akamtolea na birika la shaba, akamwambia asilisahau kwa watu. Ijumaa Mwajabu alirudisha vyombo, vimesuguliwa mpaka vinang'aa, na juu yake bakuli la pilau lililofunikwa kwa sahani. Njiku hakuwa na hamu ya kula tangu mwezi uliopita, lakini siku hiyo alikula. Pilau ilikuwa ya kupikwa na mikono mingi, imeiva sawasawa, na nyama haikuwa ya kubania. Mwajabu aliketi kwenye kigoda akamtazama akila. Macho yake yalikuwa yamevimba kidogo. Njiku alidhani ni moshi wa kuni.

"Na wewe karibu, tule."

"Nimeshakula kule, baba. Kula wewe, ushibe."

Alipomaliza, Mwajabu alimnawisha mikono, akampangusa kwa kitambaa kidole kimoja kimoja, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu awe mtu mzima. Ndipo akasema, "Nimechukua nafasi Jumatatu. Kwenye kile chumba."

Njiku alishukuru Mungu kwa mdomo. Moyoni alishikwa na hofu, maana alimjua mtoto wake. Mwajabu aliyelia mbwa alipogongwa barabarani angeingia vipi kwenye chumba kile na kifua kikavu? Angesema maneno, beji ingemsaliti, na angebaki kijivu hadi kufa kwa ajili ya mzee ambaye hana muda.

Akaazimia kumsaidia kwa njia aliyoijua. Kanuni ilimpa anayekanwa nafasi ya kusema neno kabla, aliiweka mwenyewe. Angeitumia kusema uongo. Angemwambia kwamba mama yake hakufa vile alivyosimuliwa. Kwamba alikuja mlangoni akiwa mgonjwa, amekonda, anamtaka mwanawe, na yeye Njiku akamfungia nje kwa sababu alimtaka mtoto awe wake. Kwamba yule mama alifia kituo cha basi. Hakuna mtoto ambaye angebaki na huruma baada ya hapo. Chuki haisomwi kama majonzi. Aliijua mashine ile kuliko mtu yeyote. Jumamosi na Jumapili alijifunza uongo ule mbele ya kioo, mpaka mwenyewe akaanza kumwona yule mwanamke mlangoni, na akamwonea huruma.

*

Chumba kilikuwa na viti viwili vilivyotazamana na meza ndogo ya karani. Telesfora alikuwa zamu. Alimwamkia Njiku shikamoo kwa sauti ya chini, akajishughulisha na mashine yake, hakuinua uso. Njiku alidhani anamwonea haya bosi wake.

Mwajabu aliingia amevaa sare ya mnarani, nywele zimebanwa, viatu vimepigwa rangi. Alimsalimu, "Shikamoo, baba," akakaa.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee," alisema Telesfora, "una neno kabla?"

"Ninalo." Njiku aliibana mikono katikati ya magoti. "Mwajabu. Kuhusu mama yako..."

Mwajabu akainua kiganja. "Usiseme kitu, baba. Tafadhali. Ukisema utaniharibia." Kisha akamgeukia karani. "Tuanze, dada."

"Lakini mwanangu, hujui..."

"Tuanze."

Telesfora akabonyeza. Mwajabu alimtazama Njiku machoni, kama kanuni ilivyotaka, na akasema maneno yale yaliyobandikwa ukutani bila kuyasoma, kwa sauti yake ya mnarani, ile inayowatuliza marubani.

"Mimi, Mwajabu binti Idi, kwa hiari yangu, simtambui mtu huyu kuwa ndugu yangu. Akiugua si mgonjwa wangu. Akifa si msiba wangu."

Njiku hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama beji, kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isifurike. Ilibaki kijani. Haikufifia hata kidogo. Mashine ilitoa mlio mfupi, na Telesfora akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Umepita."

Njiku alipaswa kufurahi. Ndicho alichokuwa akikiomba. Alikaa na uongo wake wote mdomoni, mzima, haujatumika, na akajikuta anauliza swali ambalo mzazi hapaswi kumuuliza mtoto.

"Umewezaje?"

Mwajabu alikuwa ameshasimama. Alifikiri kidogo, kama mtu anayeulizwa njia na mpita njia.

"Tulikukalia matanga," alisema. "Ndivyo watu wote wanavyofanya siku hizi kabla ya kuja hapa. Hukuambiwa kwa sababu wewe ni wa ofisi hii. Tulikaa nyumbani kwa shangazi, siku tatu. Shehe alikataa kusoma, alisema hamsomei mtu aliye hai, kwa hiyo tulikaa tu, tukalia. Shangazi alilia mpaka akapoteza sauti. Wenzangu wa mnarani walikuja, majirani zako walikuja." Akamtupia jicho Telesfora. "Dada huyu alishika birika la kahawa. Siku ya kwanza nilitaka kufa. Siku ya tatu nikatafuta chozi, sikulipata."

Telesfora alikuwa ameinama mpaka paji la uso linakaribia meza.

"Ile sufuria," Njiku alisema.

"Ndiyo."

"Na pilau."

"Wengine walisema si vizuri, marehemu haletewi chakula cha matanga yake." Kwa mara ya kwanza kitu kilimpita usoni, kikapita kweli, hakikukaa. "Niliona si haki watu wote wale washibe, ukose wewe tu."

Alinyoosha sare yake, akashika kitasa. Mlango ulimsoma kifua ukafunguka kabla hajausukuma. Hapo akakumbuka adabu, akageuka.

"Kaanze tiba leo, usichelewe tena," alisema. "Ugua pole, mzee."

Mzee. Si baba. Alilisema vizuri, kwa heshima zote, kama tunavyomwambia mtu yeyote mwenye mvi tuliyekaa naye benchi moja hospitalini.

*

Telesfora alijaribu kusema kitu. Njiku alimwonyesha kwa mkono kwamba hapana, akainuka. Alitaka kwenda hospitali kama alivyoambiwa. Hilo angalau lilikuwa na maana: sasa habari zake zingefika uwanjani na kupita juu ya kichwa cha Mwajabu bila kumgusa. Alifanikiwa. Alijiambia hivyo akitembea, kwa nguvu, kama mtu anayejishindilia chakula asichokitaka. Moyoni alikuwa ametaka mtoto wake ashindwe. Akalijua hilo pale pale, katikati ya ukumbi, na lilimtisha kuliko ugonjwa.

Alifika mlango mkubwa wa wafanyakazi, akasogeza kifua kwenye kioo kama alivyofanya kila siku. Mlango haukufunguka.

Akarudia. Akainamisha kichwa kutazama beji yake, ya kijani tangu uwanja ulipofunguliwa. Ilikuwa kijivu.

Ilimchukua muda kuelewa, yeye aliyeitengeneza. Mwajabu alikuwa amemkana yeye; yeye hakuwa amemkana Mwajabu. Na katika mti wa ndugu aliouchora kwa mkono wake njia ya kutoka ilikuwa moja, kifo. Kukana kulipoletwa haraka haraka, mafundi hawakuchimba njia nyingine, walipitisha hapo hapo. Waliokanwa kabla yake wote walikuwa wazee wa vijijini wasio na beji, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona inakuwaje upande wa pili. Mashine ilitazama habari, ikakuta binti ametoka. Ikatazama kifua. Vikapatana.

Juu ya kioo, ile sauti ya taratibu ya mtangazaji wa redio ikaanza, na maneno yalikuwa yake, aliyoyatunga akiwa amevaa koti la watu.

"Pole sana kwa kufiwa na mwanao. Uwanja mzima unalia pamoja nawe. Tafadhali keti, usubiri wa kukusindikiza."

Watu wa zamu ya mchana walikuwa wanapita, mlango ukiwafungukia mmoja mmoja. Wawili walikuwa majirani zake. Waliona kijivu, wakaona ni nani, na wakatazama viatu vyao, kwa maana wao pole walikwishaitoa wiki iliyopita, kwa wenye msiba.

Benchi la wafiwa lilikuwa kando ya mlango. Alilichagua mwenyewe, la mbao, lenye mgongo, ili mtu aegemee. Njiku aliketi. Mlango, kwa kuwa bado ulikuwa unamwona, ulirudia kumpa pole, na kwa kuwa alilelewa kwenye nyumba ambako pole haiachwi bila jibu, akauitikia.

"Nimeshapoa," alisema. "Nimeshapoa."